Kabla ya Kuuliza "Nani Huyo?", Uliza "Ni Shilingi Ngapi?"

Watu wengi wa Kibaha na Kisarawe hulala Pwani na kutafuta riziki Dar es Salaam. Anayetoka Mlandizi au Maili Moja hushika Barabara ya Morogoro kabla hakujapambazuka. Wa Kisarawe huteremkia Pugu na Gongo la Mboto. Kutwa nzima simu ndiyo inayoishika nyumba: hela ya matumizi hutumwa kwa simu, na mtoto akiugua habari hupita humo humo. Kwa hiyo mtu akiona kwenye simu ya mwenza wake programu asiyoijua, tena imefungwa kwa namba ya siri, moyo lazima ushtuke. Wazo linalomjia kwanza ni mchepuko. Nadhani wazo hilo huja mapema mno, na kwamba katika mazingira yetu ya leo jambo la kuchunguza kwanza ni fedha.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Orodha ndefu namna hiyo haitokei pasipo na wakopaji. Mikopo hii hutolewa kwa dakika chache, bila mdhamini wala dhamana ya kiwanja, lakini dhamana ipo: ni simu yenyewe. Programu inapowekwa huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zilizohifadhiwa, na wakati mwingine hata ujumbe mfupi, ambamo miamala yote ya fedha imeandikwa. Siku ya kulipa ikipita, ndugu, mabosi na majirani huanza kupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Google ilizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kuchukua namba za watu tangu Mei 2023, ila zuio hilo haliigusi programu inayopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp. Sasa mtazame mtu aliyenaswa humo. Anapigiwa na namba ngeni, anatoka nje kupokea, anafuta ujumbe, analaza simu kifudifudi, anakuwa mkali akiulizwa. Dalili zote hizi ndizo tunazozihesabu kuwa za uzinzi. Aibu ya deni na aibu ya mchepuko hujificha kwa namna moja, na anayetazama kwa nje hawezi kuzitofautisha.

Deni la siri si jambo dogo kuliko usaliti, na sheria yetu ililiona hilo zamani. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mkopo wa simu umepita pembeni ya ukuta huo. Hakuna anayemuuliza mke wala mume, ingawa unga na ada ya shule ndivyo vitakavyolipa. Mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu ilikuwa angalau na kikundi na ofisi. Huu wa simuni hauna shahidi. Tuongeze michezo ya kubahatisha na miradi ya kupanda pesa iliyovaa sura ya programu, kama LBL iliyowaingiza polisi kazini mapema 2025, na sababu za kifedha za kuficha simu zinazidi kuwa nyingi. Zipo pia programu zinazokuja na simu kutoka kiwandani, ambazo hata mwenye simu hajawahi kuzifungua.

Mtu atasema: wachepukaji wapo, na programu za kutafutia wapenzi zipo. Ni kweli, na sitaki anayesalitiwa aambiwe kwamba anaota. Lakini picha ndogo kwenye kioo haitoshi kuhukumu. WhatsApp ya biashara hutumiwa na mwenye mpenzi wa pembeni na hutumiwa na mama anayeuza vitenge. Anayeanza kwa tuhuma ya uzinzi dhidi ya mtu mwenye deni humpa sababu ya kukasirika kwa haki, na deni linabaki limefichwa likizidi kukua.

Wengine husema mume na mke ni kitu kimoja, basi kupekua si kosa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na imetaja unyumba pamoja na mawasiliano binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na sioni mahali ilipowasamehe wanandoa. Anayemwekea mwenzake programu ya upelelezi kwa siri hutenda hasa kile alichokuwa anakiogopa, na ujumbe wa nyumba nzima, ukiwamo wa salio na miamala, unaanza kwenda kwa watu asiowajua.

Kuuliza ana kwa ana ni kugumu zaidi, lakini ndiko kunakozaa jibu. Simu ibaki mkononi mwa mwenyewe, mfungue pamoja mipangilio, mwangalie programu hiyo imepewa ruhusa gani na mara ya mwisho ilitumika lini. Ikiwa ni mkopo, orodhesheni mnachodaiwa, ondoeni ruhusa ya kusoma namba, kisha mwangalie kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Waliotumiwa ujumbe wa kuwaaibisha, hata wasiokopa chochote, wanaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2022, kwa sababu namba zao zilichukuliwa bila ridhaa yao. Na ikiwa kweli ni mchepuko, wazee wapo, BAKWATA ipo, na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yapo; huko anayesikilizwa ni mtu, akiwa na nafasi ya kujibu. Kipigo hakina nafasi hata hapo: kifungu cha 66 cha sheria ile ile ya 1971 kinakikataza.