Gari limetoka kufungwa redio Kariakoo, sasa haliwaki: anza kutafuta hapa

Jumamosi umeipeleka Noah au Hiace yako Kariakoo ikafungwa redio mpya. Mpaka saa kumi jioni skrini inawaka, muziki mnene, fundi kashalipwa. Jumapili gari limepumzika. Jumatatu alfajiri watoto wa shule wanakusubiri kituoni, unageuza ufunguo na unachosikia ni "tik tik tik" tu. Jirani anasema betri imekufa. Fundi wa kwanza anasema oltaneta. Wa pili anataka kushusha stata.

Kabla hujatoa hela yoyote jiulize: Ijumaa gari lilikuwa na tatizo hili? Kama halikuwa nalo, basi kitu kilichobadilika ni kimoja, nacho kiko nyuma ya ile redio. Nyaya zilizoguswa pale hazizidi ishirini, na dalili unayoiona huwa inaonyesha ni waya gani wa kuanza nao. Ukijua hilo hutanunua betri ambayo hukuihitaji, na hutapoteza siku nzima ya hesabu ya bosi ukiwa umekaa gereji.

Kwanza, kwa nini redio zinabadilishwa sana hapa kwetu? Gari nyingi za aina hii zinatoka Japan zikiwa zimetumika. Kule masafa ya FM yalikuwa kati ya 76 na 90 MHz, baadaye yakasogezwa hadi 95. Huku kwetu FM inakwenda mpaka 108. Ndiyo maana redio ya zamani ya Kijapani inaweza kukupa Wasafi FM ya 88.9, lakini EFM ya 93.7 ikagoma kabisa. Ongeza na maandishi ya Kijapani kwenye skrini, safari ya kwenda Kariakoo haiepukiki. Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, lakini wengi wanaona bora waweke redio mpya kabisa yenye kamera ya nyuma na Bluetooth.

Mtego wa rangi

Hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Redio mpya za dukani karibu zote zinafuata mpangilio mmoja wa rangi. Njano ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nyekundu ni moto unaokuja ukiweka ufunguo kwenye ACC. Nyeusi ni hasi, yaani ethi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika.

Toyota nayo ina rangi zake, na hazifanani na hizo hata kidogo. Kwenye soketi ya redio ya Toyota nyingi, moto wa betri ni bluu yenye mstari wa njano. Moto wa ACC ni kijivu. Ethi ni kahawia. Kijani ni waya unaopata moto ukiwasha taa ndogo, ili vitufe vya redio viwake usiku. Halafu ile soketi ndogo ya spika za nyuma ina nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, ambazo zote nne ni za spika tu.

Sasa fikiria kijana mwenye haraka anayeunga rangi kwa rangi. Kijivu kwa kijivu: ukigeuza ufunguo, volti 12 zinaingia kwenye njia ya kutolea sauti ya spika ya mbele kulia. Kijani kwa kijani: redio inapiga vizuri mchana kutwa, jioni ukiwasha taa inajizima, au IC ya sauti inaungua moja kwa moja. Mteja anarudi dukani kudai redio ilikuwa feki, kumbe redio ilikuwa nzima.

Kwa hiyo usikubali rangi iwe ushahidi, hata hizo nilizozitaja, maana kuna matoleo yanayotofautiana na kuna magari ambayo mtu mwingine alishakata waya kabla yako. Ushahidi ni mita. Weka waya mmoja wa mita kwenye bodi ya chuma na mwingine kwenye waya unaoupima. Ufunguo ukiwa umetolewa, waya wa betri lazima usome karibu 12.6 ikiwa betri ina chaji. Waya wa ACC lazima usome sifuri, kisha upande ukigeuza ufunguo. Waya wa taa usome sifuri mpaka uwashe taa. Ni kazi ya dakika tano.

Gari haliwaki asubuhi

Kosa linalomaliza betri nyingi ni la njano na nyekundu kusokotwa pamoja na kuungwa kwenye moto wa betri. Fundi anafanya hivyo kwa sababu ni rahisi, na redio inawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wengine wanaiuza kama faida: "bosi, utasikiliza muziki bila ufunguo". Lakini redio sasa haijui kama gari limezimwa. Skrini inaweza kuwa nyeusi huku ndani mitambo iko macho, hasa hizi za Android.

Tufanye hesabu ya haraka. Betri ya 45Ah, redio na amplifaya vinakula ampia 1 usiku. Kuanzia Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 36, kwa hiyo zimeondoka 36Ah. Hapo hata betri mpya haiwezi kugeuza injini. Gari likilala usiku mmoja tu litawaka kwa shida, ndiyo maana tatizo linaonekana Jumatatu na siyo Jumanne.

Kulipima ni hivi. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua terminali ya hasi ya betri. Weka mita kwenye 10A (na waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la 10A), kisha iunganishe kati ya terminali uliyoifungua na nguzo ya hasi ya betri, ili umeme wote upite ndani ya mita. Subiri dakika kama ishirini, vifaa vingine vinachelewa kulala. Gari lenye afya linasoma chini ya 0.05. Ukiona 0.5 au 1, chomoa fyuzi ya redio. Namba ikianguka, umeshampata mwizi. Isipoanguka, endelea kuchomoa nyingine moja moja. Wakati mita iko pale usijaribu kuwasha gari wala taa, utaunguza fyuzi ya mita.

Kama kuna amplifaya, angalia na ule waya mwembamba wa bluu yenye mstari mweupe. Huo ndio unaoiamuru iwake na kuzima pamoja na redio. Ukiungwa kwenye moto wa betri, amplifaya hailali, na ukiigusa asubuhi utaikuta na joto.

Kwa upande mwingine, redio ikiwa inasahau stesheni na saa kila ukizima gari, hiyo haimalizi betri. Njano imeungwa kwenye ACC, au zimebadilishana na nyekundu. Hamisha tu.

Dalili ambazo huwezi kuzihusisha na redio

Hizi ndizo zinazowapa mafundi wa pili ulaji. Kwenye Toyota nyingi fyuzi ya redio haihudumii redio peke yake. Ile iliyoandikwa DOME inabeba taa za ndani na mara nyingi kumbukumbu ya redio. Ile ya ACC au CIG inabeba soketi ya kuchajia simu na vioo vya pembeni vya umeme. Ikiungua wakati fundi anachubua waya bila kufungua betri, unarudi nyumbani huna taa ya ndani, vioo havisogei, na wewe unadhani gari limeanza kuchoka.

Baya zaidi ni hili: kwenye baadhi ya Toyota za gia otomatiki, moto wa ACC ndio pia unaoruhusu gia kutoka P. Fyuzi hiyo ikiungua, injini inawaka vizuri lakini gia imeganda. Mtu anaweza kukuambia gia boksi imekwisha, wakati kinachohitajika ni fyuzi ya bei ya soda.

Taa za nyuma na za dashibodi zikizima pamoja, tazama fyuzi ya TAIL, halafu ule waya wa kijani. Huenda umeachwa wazi bila tepu na unagusa chuma. Hili usilichelewe, maana usiku nyuma ya Hiace isiyo na taa kuna lori linakuja, achilia mbali trafiki pale mataa ya Fire.

Indiketa zote zimegoma? Kabla ya kupima chochote, angalia kama soketi ya swichi ya hazadi ilirudishwa. Ili redio itoke, fremu ya dashibodi inatolewa na swichi hiyo mara nyingi inatoka nayo. Mshale wa spidi umelala kwenye sifuri? Redio zenye ramani za Kijapani zilikuwa na waya wa kusoma mwendo wa gari. Ukikatwa na ncha yake ikagusa bodi, spidomita inaweza kufa. Ufunge tepu peke yake, usiungwe na kitu.

Redio inayojizima ukiongeza besi, au inayopiga mluzi unaopanda na injini, mara nyingi ina ethi mbaya. Washa redio kwa sauti, pima kati ya waya mweusi na nguzo ya hasi ya betri. Ikizidi 0.2, ondoa ethi hiyo kwenye skrubu yenye rangi na uipeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa.

Tahadhari mbili. Usichome testa ya balbu kwenye nyaya usizozijua. Nyaya zenye soketi au kava za njano kwenye dashibodi na usukani ni za ehabegi, ziache kabisa. Na wenye Coaster, baadhi zina mfumo wa volti 24, kwa hiyo pima kwanza kabla redio ya volti 12 haijagusana na waya wowote.

Fyuzi ya waya

Yote hayo juu yanakupotezea muda na hela. Hili moja linaweza kukupotezea gari lenyewe, pengine na watu. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna fundi atasokota uzi wa shaba na kuuweka mahali pake, na kila kitu kitawaka. Fyuzi ya 10A iliungua kwa sababu waya mahali fulani unagusa chuma. Ukiweka shaba, kinachoungua sasa ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, penye plastiki na sponji.

Waya mnene wa amplifaya ndio hatari zaidi kwa sababu unatoka moja kwa moja kwenye betri. Unatakiwa uwe na fyuzi yake karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, siyo kule kwenye amplifaya. Na kwa Hiace hizi za kawaida injini iko chini ya viti vya mbele. Waya ukipitishwa hapo bila bomba la kuukinga, joto na mtikisiko vitaula taratibu. Ukisikia harufu ya plastiki ndani ya gari, usitafute inatoka wapi huku unaendesha. Simama, shusha watu, fungua terminali ya hasi.

Ukirudi Gerezani au kokote ulikofungiwa, mwambie fundi akufungulie dashibodi mbele yako na usimame hapo. Muulize njano ameunga wapi na nyekundu wapi, na umwombe apime mbele yako ufunguo ukiwa nje. Ulizia pia soketi ya kuunganishia ya Toyota. Inauzwa kwenye maduka ya redio, inachomekwa kwenye soketi ya gari bila kukata waya hata mmoja. Kama ya kwako imeshakatwa, vipande vyake usiviache dukani, maana rangi za nyaya zile ndizo zitakazomwongoza atakayerekebisha.