Daftari Moja, Kalamu Nyingi



Siku hizi si ajabu chama cha msingi kutembelewa na mtengenezaji wa programu za kompyuta, naye akaahidi kwamba katibu akiwa ofisini, karani wa mizani akiwa kituoni na mhazini akiwa safarini, wote wataweza kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja kuyaona papo hapo maandishi ya mwenzake. Ahadi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kilo za mkulima zaweza kupotea ndani ya daftari hilo pasipo mtu kuiba wala mtambo kuharibika. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tueleze linavyofanya kazi.

Kwanza, jina la "daftari moja" lisitupotoshe. Kila mashine, iwe simu au kompyuta, ina nakala yake. Karani anapoandika, maandishi huingia katika nakala yake mara moja, ndipo taarifa hupelekwa kwenye kompyuta ya kati, iitwayo seva, nayo huwapasha wengine. Zamani mawasiliano ya tovuti yalikuwa ya kuuliza na kujibiwa: asiyeuliza hakuambiwa kitu. Tangu mwaka 2011 umekuwapo utaratibu uliokubaliwa kimataifa, uitwao WebSocket, ambao huiacha njia wazi, na kila upande ukaweza kusema bila kungoja kuulizwa. Kinachopita katika njia hiyo si daftari zima, bali ni agizo dogo tu: weka herufi hii mahali hapa, au futa ile. Kama lingepelekwa daftari zima, nakala ifikayo mwisho ingefuta kazi ya waliotangulia.

Ugumu wote umo katika hayo maneno "mahali hapa". Tuseme daftari lina neno lililokosewa: KAHWA. Katibu analisahihisha kwa kuweka A baada ya herufi ya tatu, nalo linasomeka KAHAWA. Wakati huo huo mhazini, ambaye bado anaona KAHWA, anaongeza neno SAFI baada ya herufi ya tano. Kwake yeye yote yatakwenda vyema: sahihisho la katibu likimfikia, atasoma KAHAWA SAFI. Lakini agizo lake likifika kwa katibu jinsi lilivyo, herufi ya tano huko sasa ni W, na katibu atasoma KAHAW SAFIA. Nakala mbili zimekwisha kuachana, na hakuna aliyekosea.

Dawa ya kwanza ilitolewa mwaka 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliokuwa watafiti huko Austin, Texas. (Ellis ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta, mwaka 1969.) Walisema agizo lisitekelezwe kabla ya kurekebishwa kulingana na yale yaliyotendeka ambayo mwandishi wake hakuyaona. Kwa kuwa herufi moja imeongezwa mbele yake, "baada ya ya tano" igeuzwe iwe "baada ya ya sita". Wazo ni jepesi, ila kulitimiza kwa kila hali ni kazi nzito. Kanuni yao ya awali yenyewe ilionekana baadaye kuwa na kasoro waandishi walipotuma maagizo kadhaa kwa kupishana. Pamoja na hayo, wazo hilo ndilo lililotumika katika Google Docs tangu ilipofanywa upya mwaka 2010.

Njia ya pili inafanana zaidi na mambo yetu. Badala ya kuitambua herufi kwa nafasi yake katika mstari, kila herufi hupewa namba yake ya kudumu, kama mwanachama katika rejesta. Mwanachama namba 214 hubaki 214 hata kama watu kumi watasimama mbele yake foleni. Basi agizo husema: weka SAFI baada ya herufi yenye namba fulani, nalo hueleweka sawasawa popote lifikapo. Katika programu nyingi za namna hii herufi iliyofutwa haiondolewi namba yake. Hufichwa tu, kama vile namba ya marehemu isivyogawiwa mwanachama mpya. Utafiti wa njia hii ulikuzwa sana nchini Ufaransa, na mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake waliitungia kanuni zilizo wazi. Faida yake kubwa ni kwamba karani aliye mahali pasipo mtandao aweza kuandika kutwa nzima, na jioni mashine yake ikaungana na nyingine bila mgogoro.

Sasa tufike kwenye hatari tuliyoitaja. Njia zote mbili zinaahidi kwamba mwishowe nakala zote zitafanana. Haziahidi kwamba kilichofanana ni kweli. Taarifa ya mkutano inasema "saa 4", na watu wawili wanaisahihisha kwa pamoja iwe saa 5: kila mmoja anafuta 4 na kuweka 5. Nakala zote zitakubaliana kwamba mkutano ni saa 55. Hilo tutalicheka. Lakini tuchukue kituo chenye mizani miwili, na katika daftari jumla ya siku ni kilo 1,200. Karani wa kwanza anapima kilo 60, anaandika 1,260. Wa pili, ambaye bado anaona 1,200, anapima 45, anaandika 1,245. Programu, ikikuta tarakimu mbili zinazogombea chumba kimoja, kwa kawaida huishika iliyofika mwisho. Mashine zote zinaonyesha 1,245, ilhali mzigo ni kilo 1,305. Mkaguzi hataona palipofutwa.

Kwa hiyo mtengenezaji aambiwe mapema kwamba jumla isiandikwe na mtu. Kila mzigo uwe na mstari wake, wenye jina la karani, na jumla ihesabiwe na mashine kutokana na mistari hiyo. Kosa lisifutwe, bali liandikiwe mstari wa kulisahihisha, jinsi tulivyokuwa tukikata kwa mstari mmoja na kutia sahihi. Namba ya stakabadhi itolewe na mashine ya karani kabla ya kutumwa. Mtandao ukikatika na mzigo ukatumwa mara mbili, seva itaitambua namba ile ile na kuuhesabu mara moja. Wala saa za simu zisitegemewe kuamua lipi lilitangulia, kwani hazilingani. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, alikwisha kuonyesha namna ya kupanga matukio ya mashine zilizo mbalimbali kwa kuhesabu hatua badala ya kutazama saa. Muhtasari wa mkutano nao ukishathibitishwa ufungwe usiandikike tena.

Kabla ya kulipa, halmashauri ifanye jaribio, nalo halihitaji utaalamu. Zichukuliwe simu mbili zenye programu hiyo, zote zizimwe mtandao. Makarani wawili wapime mizigo ishirini, kumi kila mmoja, na kutoa stakabadhi za karatasi. Kisha mtandao uwashwe, ukatwe katikati ya kupeleka, uwashwe tena. Stakabadhi zijumlishwe kwa mkono mbele ya wajumbe, na jumla hiyo ilinganishwe na ile ya kwenye simu. Ikiwa zinatofautiana hata kwa kilo moja, mtengenezaji arudi na programu yake akaitengeneze.