Mashine Ilitangulia, Fundi Akafuata

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500 kutoka kampuni ya Uingereza. Mwaka 1974 serikali ile ile ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni zikatiwa kapu moja nazo. Vijana wakisimuliwa habari hiyo hucheka. Wanadhani wazee waliogopa mitambo. Waliozeeka katika kazi ya kompyuta hawacheki sana. Serikali ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, hesabu zikavurugika, na utaalamu wa kuzinyoosha ulitegemea mno wageni. Juu ya hayo, bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukame ukalazimisha nchi kuagiza nafaka, fedha za kigeni zikakauka. Marufuku ilikuwa kali kupita kiasi, na ilipokuja kulegezwa na kuondoka kabisa katika miaka ya 1990 nchi ilikuwa imeachwa nyuma. Hata hivyo, kilichowatia hofu watunga sera kilikuwa cha kweli: mashine ilifika kabla ya mtu wa kuitunza. Hali hiyo haikuondoka na marufuku. Tumeendelea kununua vyombo kwanza, fundi tukamtafuta baadaye.

Ndiyo maana Mbeya na Iringa zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kawaida ya wanaoandika historia ya teknolojia, ambao wakitoka Dar es Salaam huruka moja kwa moja hadi Nairobi. Mbeya ilipata Chuo cha Ufundi mwaka 1986, kompyuta zikiwa bado adimu nchini. Chuo hicho kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na tangu 2012 ni chuo kikuu, MUST. Maana yake ni kwamba mji ulikuwa na mahali pa kufundishia umeme na mitambo kabla kompyuta hazijajaa mezani. Iringa ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2007 chuo cha Iringa kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Walioiandaa walikataa kunakili mtaala wa nje jinsi ulivyo. Walisema wazi kwamba mitaala ya kimataifa huchukulia umeme, mtandao na vipuri kuwa vitu vilivyopo tayari, ilhali mhitimu wa Iringa angekwenda kufanya kazi mahali ambapo hivyo vyote ni sehemu ya tatizo analopaswa kulitatua.

Fungua boksi la kompyuta iliyokaa ofisini Iringa msimu wa upepo, utaelewa walichomaanisha. Vumbi jekundu limeziba mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, feni inazunguka kwa kulalamika, joto linapanda, mashine inajizima katikati ya kazi. Mwenye ofisi atasema ni virusi. Kando ya prosesa kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye kichwa cha bati. Vikichoka huvimba kichwani na wakati mwingine huvuja uchafu wa kahawia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu za kiwandani, na kwetu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo uliongeza madhara. Mwaka 2006 mgawo wa umeme ulikuwa mkali baada ya mabwawa kupungukiwa maji, likiwamo la Mtera, ambalo Iringa inapakana nalo! Fundi mwenye multimita na waya wa risasi hubadilisha kapasita kwa gharama ndogo. Asipokuwapo, mashine nzima inatupwa stoo.

Wapo watakaosema hesabu hiyo imepitwa na wakati: vifaa vimeshuka bei, kikiharibika nunua kingine. Kwa benki huenda ni sawa. Kwa shule ya kata inayopata kompyuta kwa msaada mara moja katika miaka mingi, hakuna kingine cha kununua. Mfugaji wa Rungwe anajua kuwa bei ya ng'ombe wa maziwa ni mwanzo tu wa gharama, lakini ofisi zetu hupokea kompyuta kana kwamba siku ya makabidhiano ndiyo mwisho.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba siku hizi kazi inafanyika kwenye seva za mbali, kwa hiyo boksi la mezani halina maana. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umepita Iringa na Mbeya hadi mipaka ya Zambia na Malawi, na simu ya kiganjani inatosha kulipia ada na kodi. Ni kweli. Lakini Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota nchi nzima. Seva ya mbali nayo ni mashine, ina feni na vumbi lake, na njia ya kuifikia hukatwa na nanga ya meli au kijiko cha mkandarasi wa barabara. Kuihamisha mashine hakukuondoa haja ya anayeielewa. Kumemweka mbali zaidi na sisi.

Wengine huona kwamba kufundisha ukarabati ni kuwafunga vijana katika kurekebisha vya wenzao badala ya kubuni vyao. Historia haiwaungi mkono. Linus Torvalds alinunua kompyuta yake Helsinki mwaka 1991, akaanza kuichokonoa aone inavyofanya kazi ndani, na humo ikazaliwa Linux, mfumo endeshi unaoendesha seva nyingi duniani na kulala chini ya kila simu ya Android inayouzwa Mwanjelwa, Mbeya. Kijana anayepasha joto saketi ya simu hiyo kwa blowa hajawa Torvalds, lakini ameshavuka woga wa kufungua kifuniko. Anachokosa ni daraja kati ya kibanda chake na maabara ya MUST iliyo katika mji huo huo: mafunzo ya jioni, cheti kinachotambulika, na zabuni za shule na halmashauri zinazotenga fungu la matengenezo ya kila mwaka na kuruhusu fundi wa mjini kuliomba.