Anayezama Hapigi Kelele

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugorora, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka huko kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Waliookolewa walikuwa 41. Wa mwisho wao, fundi mitambo wa kivuko, alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilicholala kifudifudi.

Wapo wanaouita wokovu huo muujiza, nami sibishani nao, ila una fizikia yake. Chombo kikipinduka, hewa hunaswa chini ya kilichokuwa sakafu, ikakosa pa kutokea. Hewa hiyohiyo hukizuia chombo kisizame. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza mwezi Mei 1996, tumbo lake lilitobolewa ili kuwafikia waliokuwa ndani. Hewa ikatoka, maji yakaingia, meli ikaenda chini.

Bahati ya namna ile haipangwi. Kinachopangika ni dakika ya kwanza majini, na hapo wengi hudhani kuokoka ni kujua kuogelea. Kwanza ni kuelea. Mwili wa mtu una uzito unaokaribiana mno na wa maji ya ujazo uleule; mapafu yakijaa hewa, wengi wetu huelea, japo kinachobaki juu ni kidogo. Anayetapatapa akiinua mikono, uzito wa mikono hiyo humsukuma chini. Lala chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu, mikono umeitandaza, hadi pumzi itulie. Kisha, kama ulikuwa kwenye mtumbwi, ushike. Wa mbao huelea hata ukipinduka, na waokoaji huuona upesi kuliko kichwa cha mtu. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na wanaouacha mtumbwi kuufuata wengi hawafiki.

Halafu kuna dumu. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, huweza kubeba karibu kilo 19 majini. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 au 5 tu, kwa hiyo watu wawili watatu waliotulia wanaweza kulikumbatia wote. Haliwi badala ya jaketi okozi, ambalo likiwa zuri humweka mtu uso juu hata akizimia. Lakini dumu lipo karibu kila nyumba Ukerewe, na jaketi halipo.

Wavuvi wa dagaa wanalihitaji dumu kuliko abiria. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, pepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Ndiyo maana radi za Ziwa Victoria hupenda usiku, saa ambazo taa za dagaa zinawaka.

Walio ufukoni nao wajue jambo moja: anayezama hapigi kelele. Mdomo unatoka majini kwa muda wa kuvuta pumzi tu, mikono haipungi, na ndani ya dakika moja anaweza kupotea. Usimrukie, atakung'ang'ania mzame wote. Mtupie kamba au dumu.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anachokosa ni oksijeni, na ubongo hauvumilii kuikosa zaidi ya dakika chache. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomo kwa mdomo. Kisha kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au mganga afike.

Nawe abiria wa kivuko, vaa jaketi kabla kamba haijafunguliwa, na chombo kikikaribia gati usikimbilie upande mmoja na wenzako. Kikiwa kimejaa, shuka usubiri kingine.