Mwangwi Ndani ya Chuma

Mama anayenunua chungu sokoni hakitazami kwa macho tu. Hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu chenye ufa hujulikana kwa sauti yake. Leo tutazame jinsi mafundi wanavyosikiliza mabomba ya chuma kwa namna iliyo karibu na hiyo.

Kutu ya nje twaiona sote, nayo hutukumbusha kupaka rangi. Ya kutisha zaidi ni ile inayokula bomba kutoka ndani, huku nje kunang'aa. Hatuwezi kukata kila bomba ili tuchungulie. Basi fundi hulipaka bomba mafuta mazito, maana hewa ikibaki katikati sauti haipiti, kisha huweka juu yake kifaa kidogo kinachotoa sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa masikio yetu. Sauti hiyo hupenya chuma kwa kasi ya karibu mita 5,900 kwa sekunde, hufika upande wa ndani, ndipo hurudi kama mwangwi. Kifaa hupima muda wa kwenda na kurudi, na kwa muda huo fundi hupata unene wa chuma. Chuma kilicholiwa hurudisha mwangwi mapema. Akipima mahali palepale mwaka baada ya mwaka, atajua pia kinaliwa upesi kiasi gani.

Lakini, ndugu zetu, kifaa hutoa habari za mahali kilipowekwa tu.

Huko Japani, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Mihama, lilikuwapo bomba la maji ya moto lenye ukuta wa milimita 10, lililotumika tangu mwaka 1976. Maji yaendayo kasi huondoa polepole ile ngozi nyembamba inayokinga chuma. Sehemu nyingine zilipimwa. Hapo hapakupimwa hata mara moja, kwa kuwa paliachwa nje ya orodha ya ukaguzi. Tarehe 9 Agosti 2004 bomba lilipasuka. Mvuke wake haukuwa na sumu ya nyuklia, ila joto lilitosha kuua: wafanyakazi watano walikufa, na sita wakaumia. Penye wembamba zaidi ukuta haukufika hata milimita moja na nusu.

Kosa la orodha lilikuwa limekwisha kugunduliwa mwaka 2003. Mahali pale palipangiwa kupimwa tarehe 14 Agosti 2004, siku tano baada ya ajali.