Nguvu Inyanyuayo Jeneza

Msomaji, simama siku moja kichochoroni katika Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya sala ya alasiri, utazame jeneza likipita. Anyanyuaye hapa hupokewa pale. Mwenye duka huacha duka, mchukuzi huacha mkokoteni. Hapana aliyeandikiwa barua wala aliyelipwa. Ni nguvu gani basi iwatoayo watu hawa?

Swali hilo ndilo mzizi wa elimu ya jamii, ambayo wasomi huiita sosholojia. Jina hilo lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Walakini swali lenyewe lilikwisha kuulizwa kwa Kiarabu zaidi ya karne nne kabla yake. Abdurrahman Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, alijitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaimaliza Muqaddima yake. Alisema kuwa khabari za wafalme pekee hazitoshi. Yatakikana elimu mbali ya kutazama umrani, yaani maisha ya watu wakaapo pamoja: kazi zao, riziki zao, tabia zao na utawala wao.

Nguvu ya kushikamana aliiita asabiyya. Huenda mtu akauliza: je, si neno lililokatazwa hilo? Ibn Khaldun, ambaye baadaye alikuwa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo, alilijibu: kilichokatazwa ni kushikamana kwa dhuluma na majivuno ya kijahiliya. Kushikamana kwa haki, hata dini yakuhitaji. Akaonya pia kuwa raha za mjini huilegeza nguvu hiyo, na dola aghlabu haipiti vizazi vitatu.

Natuje kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Baadaye wenyeji walijipanga kwa Thenashara Taifa. Taifa Tatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Taifa Tisa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yaangalie majina hayo: mengi ni ya miji mingine. Waliohamia walifanywa ndugu kwa mapatano, si kwa damu moja. Na ndivyo alivyosema Ibn Khaldun, kwamba asabiyya haitoki kwa nasaba tu, bali na kwa kiapo na ujirani wa kusaidiana. Nao Mazrui, waliouondokea utawala wa mji huu mwaka 1837 mbele ya Sayyid Said, walikuwa wamekwisha kudhoofishwa na mifarakano ya ndani. Kamba iliyokatika nyuzi haivuti jahazi.

Wanawake nao walishikamana kwa vyama vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa.

Leo nyuzi zinalegea. Warithi wako Ghuba au London. Nyumba ya babu huuzwa, na mnunuzi hajui mlango wa jirani. Kijana ukimwuliza taifa lake, hukutajia timu ya mpira.

Je, mji umekufa? Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1893 kuwa kuna mshikamano wa namna mbili. Mmoja ni wa watu wanaofanana kwa kazi na itikadi. Wa pili ni wa watu wasiofanana, ila kila mmoja hana budi na mwenziwe, kama viungo vya mwili.

Nilikuwa nalisoma hilo kama jambo la vitabuni. Hata juzi, katika mazishi ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, nikapokezana jeneza na kijana nisiyemjua. Hakuwa wa taifa lolote katika thenashara. Nilimwuliza: “Mwanangu, marehemu ni nani yako?”

Akafuta jasho, akajibu: “Si ndugu yangu, mzee. Alikuwa akinunua maji kwangu.”

Kisha akatia bega tena, tukaenda.