Kwa Nini Binadamu Hujipamba kwa Uongo Mitandaoni?

Zamani, kabla ya simu zenye kamera kuenea, vijana wa miji yetu walikwenda studio kupigwa picha. Nyuma yao lilitundikwa pazia lililochorwa ndege, maghorofa au bustani. Aliyepokea picha hiyo hakudanganyika, kwani pazia lilijulikana kuwa ni pazia. Leo pazia halionekani tena. Sura hulainishwa ndani ya simu, gari la kuazima hufanywa mali ya aliyeliazima, na mtazamaji hana njia ya kujua mchoro umeishia wapi na maisha yameanzia wapi.

CHANZO CHA TABIA HII

Kujionyesha hakukuletwa na mitandao ya kijamii. Mwaka 1956 Erving Goffman, mtaalamu wa elimujamii aliyewahi kufanya utafiti katika visiwa vya Shetland, Uskoti, alitoa kitabu kilichofananisha maisha ya kila siku na mchezo wa kuigiza. Mbele ya wageni mtu huwa jukwaani. Wakiisha kuondoka, hurudi nyuma ya jukwaa akapumzika. Mtandao umeubadili mchezo huo kwa namna mbili. Kwanza, mchezaji hupata muda wa kuchagua, kufuta na kurudia. Pili, jukwaa halifungwi usiku wala mchana.

UONGO NI MKUBWA KIASI GANI?

Mwaka 2008 Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 80 wa New York waliokuwa wakitafuta wachumba kwa njia ya intaneti. Urefu na uzito wao ulipimwa, na umri ukahakikishwa, kisha vikalinganishwa na yale waliyoyaandika. Takriban wanane katika kila kumi walikuwa wamepotosha angalau jambo moja. Hata hivyo tofauti nyingi zilikuwa ndogo mno. Sababu yake si vigumu kuielewa: atarajiaye kuonana na mwenziwe ana kwa ana huogopa kuumbuka. Uongo hukua pale ambapo hakuna matarajio ya kukutana.

MADHARA YAKE

Mwaka 1954 Leon Festinger alieleza kwamba binadamu, akikosa kipimo kingine, hujipima kwa wenzake. Kipimo kikiwa cha uongo, hukumu nayo hupotoka. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 juu ya wanafunzi 425 wa chuo kikuu huko Utah, Marekani, waliotumia Facebook kwa muda mrefu zaidi ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba wengine wana furaha kuwashinda. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mtandao ndio uliosababisha imani hiyo, lakini unatupa sababu ya kujihadhari.

Mwenye kujipamba naye hasalimiki. E. Tory Higgins alionyesha mwaka 1987 kwamba mtu akiona umbali mkubwa kati ya jinsi alivyo na jinsi atamanivyo kuwa, hupatwa na huzuni na kuvunjika moyo. Kila picha ya uongo huukumbusha moyo umbali huo. Hata sifa anazomiminiwa hazimshibishi, kwa maana anajua kwamba kinachosifiwa ni picha, si yeye. Ndipo wengine huingia katika madeni ili maisha yafanane na picha.

TUFANYEJE?

Norwei ilipitisha sheria mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwamba matangazo ya biashara yenye maumbo ya watu yaliyorekebishwa lazima yawekewe alama. Kwa maneno mengine, pazia limerudishwa machoni pa mtazamaji. Lakini hakuna sheria iwezayo kuikagua kila simu. Kwa hiyo mzazi na mwalimu wamfundishe kijana kuuliza: ni nini kilichoachwa nje ya picha hii? Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.